Nikibadilisha amplifaya, nitajuaje tofauti ni ya kweli na si sauti kupanda tu?

fundi_wa_dunga, Kisumu

Habari zenu wapenzi wa spika. Kazi yangu ni kufungua injini za boti hapa ufuoni Dunga, na nadhani ndiyo iliyonitia huu ugonjwa. Mtu akiniletea injini namwambia aiwashe kwanza, kabla sijashika spana. Plagi iliyochoka naijua kwa sikio. Sasa hilo sikio nikifika nyumbani halikubali kupumzika.

Nina amplifaya mbili na spika jozi tatu. Ya kwanza ni NAD 3020, ile ndogo ya wati 20 iliyotoka mwaka wa 1978, niliichukua kwa muuza vitu vya ex-UK, mitumba ya Uingereza. Ya pili ni kisanduku cha chipu ya TPA3116, unakishika kwa kiganja kimoja, kinatumia adapta ya volti 24. Stima ikipotea nakihamishia kwenye betri ya sola ya volti 12 na muziki unaendelea, mtaa mzima giza. Spika ni Wharfedale ndogo za rafu, Pioneer kubwa za ex-Japan zenye wufa, ile koni ya besi, ya inchi 12, na jozi ya tatu ambayo makasha yake nilipiga randa mwenyewe. Hizo tuziache kwanza.

Jumamosi jioni ndiyo zamu yangu. Natoa waya hapa, natia pale, naweka nyatiti, kinubi chetu cha Waluo: mzee mmoja, nyuzi nane, basi. Na Wharfedale nasikia oduong'o, ile pete ya chuma ya kidole cha mguu, inavyogonga ukingo wa mbao, na njuga za gara mguuni ziko mbele kabisa. Nikihamia Pioneer, pete inarudi nyuma kidogo lakini ngozi ya nyatiti inatoka, unasikia chombo kina tumbo. Wimbo ni ule ule, mzee ni yule yule, ila amehamisha kigoda. Mama watoto huniuliza, "Leo unasikiliza wimbo ama unasikiliza waya?" Namjibu vyote viwili.

Swali langu sasa. Majuzi kile kisanduku kimeanza kunivutia kuliko NAD. Gara zinametameta, gita za benga zina makali. Binamu yangu ananicheka, anasema kisanduku kinapiga kwa nguvu zaidi na mimi naita nguvu utamu. Nataka kumjibu kwa ushahidi. Nimewaza kuunda swichi ili nihame kutoka amplifaya moja hadi nyingine wimbo ukiendelea. Nani amefanya hivyo? Na tafadhali, asije mtu hapa kuniambia ninunue amplifaya ya tatu. Pesa zina karo mbele yake.

kapasita_kavu, Nakuru

Fundi mwenzangu, karibu. Mimi meza yangu ni ya redio na amplifaya hapa Nakuru mjini, kwa hivyo nitaongea kama fundi.

Binamu ana hoja. Sauti ikizidi kidogo sana, sikio haliwezi kusema "hii iko juu". Linasema "hii ni safi", "hii ina uhai". Ndiyo maana kabla ya kulinganisha chochote lazima usawazishe, na usisawazishe kwa sikio, sawazisha kwa multimita, kile kipima umeme.

Tafuta kwenye simu sauti moja ya majaribio ya hezi 60. Nasema 60 kwa sababu multimita za bei rahisi zimeundwa kupima stima ya nyumbani, ambayo ni hezi 50, na ukienda mbali na hapo nyingi zinadanganya. Weka multimita upande wa AC, shika vifungio viwili vya waya wa spika, ongeza sauti ya NAD polepole mpaka isome volti 1. Bandika kipande cha karatasi kwenye kitufe uweke alama. Hamia kisanduku, nacho ukilete kwenye volti 1 ile ile. Ukiwa ndani ya asilimia moja umefika, hiyo ni kama desibeli 0.1 na hakuna binadamu atakayeisikia. Vitufe vya besi na trebo viwe katikati. Na mkono usitetemeke: ncha za multimita zikigusana ukiwa hapo kwenye vifungio, unaweza kuunguza amplifaya.

Sasa hiyo swichi, hapo ndipo nakuomba usimame. Kwenye NAD yako waya mweusi wa spika umeungana na bodi ya chuma. Kwenye TPA3116 haujaungana na kitu. Chipu ile inasukuma nyaya zote mbili, mwekundu na mweusi, na mweusi una volteji yake kama mwekundu. Watu wengi huunda swichi inayokata nyekundu tu na kuacha nyeusi zote zimefungwa pamoja. Ukifanya hivyo, chipu yako iko hatarini siku hiyo hiyo. Tafuta swichi ya kukata nyaya zote nne, kulia na kushoto, nyekundu na nyeusi, na iwe ile inayoachia upande mmoja kabisa kabla ya kushika wa pili. Amplifaya mbili zisikutane kwenye spika moja hata kwa kufumba na kufumbua. Kama huipati swichi hiyo, zima zote mbili uhamishe waya kwa mkono. Inachelewesha, lakini chipu inabaki hai.

Na kwa vile uko Kisumu: radi ikianza kunguruma upande wa ziwa, chomoa plagi ukutani. Swichi ya ukutani pekee haitoshi.

isukuti_na_besi, Kakamega

Mimi naona nyote mnaanzia mkiani. Sebule yako ina urefu gani? Hicho ndicho kifaa kikubwa kuliko vyote ulivyotaja na hukukitaja.

Yangu ina mita 3.4, kuta za mawe, sakafu ya tailizi. Sauti inasafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hivyo ukuta hadi ukuta wangu unapendelea hezi 50 hivi. Besi ya hapo inanguruma ukiwa umeegemea ukuta, na ukisogeza kiti hadi katikati ya chumba inatoweka. Nilikuwa na rekodi ya isukuti ambayo ngoma kubwa ilikuwa inameza zile mbili ndogo. Nilidhani ni spika. Nikazivuta kutoka kwenye kona, karibu mkono mzima kutoka ukutani, nikatandika zulia, na ngoma zote tatu zikasimama kila moja mahali pake. Hakuna amplifaya ingenipa hiyo.

Kwa hivyo kabla ya kubadilisha waya, badilisha nafasi. Sogeza kiti, sogeza spika, zielekeze kwako kisha zinyooshe. Starehe ni ile ile ya kujaribu, na ni bure.

benga_tu, Ahero

Bwana, naomba kuuliza. Huyo mzee wa nyatiti anaimba nini? Maana umetuambia pete, ngozi na njuga, maneno hujagusa. Mimi benga naisikiliza kwa redio ya duka, spika moja, koni imepasuka, na gita la solo likiingia nasimama kuuza sukari.

fundi_wa_dunga

Omera, maneno nayajua kwa moyo, anamsifu mtu aliyemlipa. Ndiyo maana nina nafasi ya kusikiliza njuga.

mama_wa_santuri, Nakuru

Achaneni na ndugu wa Ahero, ana haki yake. Lakini naye atuache. Kuna watu hubadilisha mtindo wa nywele kila mwezi na hakuna anayewadai ushahidi wa multimita.

Mimi niko Section 58 na nina marafiki watatu tunaopokezana vifaa. Mmoja akichoka na spika zake anazileta kwangu, mimi nampa zangu, baada ya wiki chache tunarudishiana au hatujali tena. Hakuna anayenunua. Kinachonifurahisha si kujua ipi ni bora. Spika ngeni zikiingia, nazitoa tena santuri nilizokuwa nimezichoka, moja baada ya nyingine, na usiku unaisha bila mimi kuwasha televisheni. Kuna sauti ya nyuma kwenye kibao kimoja cha zamani ambayo sikuwa nimeiona mpaka spika za rafiki yangu zilipoingia nyumbani. Sasa naisikia kwa spika zote, hata za simu. Kipimo cha hiyo ni kipi, fundi?

Jambo moja tu, kwa kuwa Fundi ametaja ex-Japan. Spika hazina shida, lakini ukivutiwa na amplifaya ya ex-Japan, soma nyuma kabla ya kuchomeka. Nyingi ni za volti 100 na yetu ni 240. Yangu inakaa kwenye transfoma ya kushusha, nzito kuliko yenyewe. Na wufa za zamani bonyeza sponji ya pembeni kwa kidole polepole, ikikatika kama mkate mkavu zinahitaji kuvishwa upya, na bei ipunguzwe.

fundi_wa_dunga

Nimerudi na majibu. Swichi nimeiacha, kapasita_kavu amenitisha vya kutosha. Nilipima kwa hezi 60 kama alivyosema, nikaketi nimeipa mashine mgongo, mpwa wangu akahamisha waya bila kuniambia. Wakati mwingine alijifanya kuhamisha na hakuhamisha, mtoto mjanja yule.

Kwa Pioneer kubwa sikuweza kutofautisha. Nilikuwa nabahatisha tu. Lakini kwa Wharfedale mara nyingi nilikitambua kisanduku, na ni kwa gara tu. Kwenye sauti ya mzee na nyuzi nene sikuona kitu, njuga ndizo zilikitaja. Hapo binamu ameshinda nusu na mimi nusu. Lakini sielewi: ikiwa volti ni sawa, mbona gara zizidi kwa spika hizi na si kwa zile?

kapasita_kavu

Umenifurahisha sana. Volti ni sawa kwenye hezi 60. Huko juu ni hadithi nyingine.

Kisanduku chako kinakata sauti vipande vipande kwa kasi kubwa sana, kisha mwishoni kuna koili na kapasita za kuilainisha kabla ya spika. Chipu hiyo haijirekebishi baada ya koili, inajirekebisha kabla yake. Kwa hivyo spika yenyewe inakuwa sehemu ya kichujio. Spika ambayo omu zake, yaani ukinzani wake kwa umeme, zinapanda kwenye trebo huinua kidogo zile hezi za juu kabisa, na yenye omu za chini huzishusha. Bila shaka Wharfedale zako zinapanda kuliko Pioneer. NAD haijali sana jambo hilo. Kama una sauti ya majaribio ya hezi 10,000 utaiona tofauti hata kwa multimita nzuri, ila isiwe hiyo ya bei rahisi.

Na ukitaka kulinganisha spika kwa spika, volti hazisaidii. Soma nyuma: moja ikiwa ya desibeli 86 kwa wati moja na nyingine 92, ya kwanza inataka wati mara nne ili zilingane. Hapo tumia programu ya kupima kelele kwenye simu, simu ikae pale kichwa chako kinapokaa.

benga_tu

Kwa hivyo kisanduku kinaongeza njuga. Si ukinunue njuga tu.

fundi_wa_dunga

Sasa sitakiuza. Wharfedale zitakula na kisanduku wakati wa nyatiti, Pioneer zitakula na NAD wakati wa benga, na Jumamosi nitavunja ndoa zote.

mama_wa_santuri, huo mduara wenu unafika Kisumu? Nina jamaa wa shatoli anayepanda Nakuru kila wiki na hupakia vitu vyangu bila kuvirusha. Naweza kukupa Wharfedale mwezi mmoja.

mama_wa_santuri

Unafika. Nina jozi ya Mission ndogo imelala chini ya ngazi. Zifunge na blanketi, koni zitazamane, na uandike upande wa juu. Waya zako zina plagi za ndizi au ni shaba tupu?

fundi_wa_dunga

Shaba tupu.

mama_wa_santuri

Basi nakutumia na plagi nne. Ukizipenda usizirudishe.