Kama kampeni ni marufuku, zile kambi za makardinali zinatoka wapi?

Chiriku
Wakuu, naomba kueleweshwa. Tangu Papa Fransisko alipofariki Aprili 2025 mpaka Leo XIV akatangazwa Mei 8, habari zilikuwa kambi tu: hawa wahafidhina, wale wanamageuzi, fulani ana kura kadhaa mkononi. Nami nimekua nikifundishwa kwamba Roho Mtakatifu ndiye anayeongoza. Mimi ni Mkatoliki, sibezi. Jambo hili linanisumbua kweli.

Mzee wa Kwaya
Chiriku, kilichokatazwa ni kupatana, si kuzungumza. Kwa katiba ya Papa Yohane Paulo II ya 1996 kuhusu uchaguzi wa Papa, kardinali anayeingia mapatano ya kumpa au kumnyima mtu kura anajitenga na Kanisa papo hapo, na mapatano yenyewe ni batili. Kubadilishana mawazo ruksa. Ndiyo maana mimi hufuatilia sana mikutano ya kabla ya konklavu (kikao cha faragha cha makardinali kumchagua Papa), ambayo hata waliovuka miaka 80, wasio na kura, wanaruhusiwa kusema. Mwaka 2013 Kardinali Bergoglio, ndiye Papa Fransisko baadaye, alizungumza pale dakika chache, akitaka Kanisa litoke liende pembezoni. Siku chache baadaye akawa Papa.

Zamani ilikuwa mbaya zaidi. Uchaguzi wa 1903, kura za Kardinali Rampolla zilikuwa zinapanda, kardinali wa Kraków akainuka na kutangaza pingamizi la Kaisari wa Austria. Akachaguliwa Pius X, na huyohuyo ndiye aliyepiga marufuku pingamizi za wafalme mwaka uliofuata! Hilo hunitia moyo sana.

Halafu tazama kura yenyewe. Kardinali anaandika jina kwa mwandiko usiotambulika kuwa wake, anakunja karatasi, anaiinua ionekane, anakwenda nayo altareni chini ya mchoro wa Hukumu ya Mwisho wa Michelangelo. Pale anaapa kwa Kristo atakayemhukumu kwamba anamchagua anayeona anafaa mbele ya Mungu. Aliyeingia na hesabu za kambi lazima apite hapo.

Neema_K
Shikamoo Mzee. Kiapo sawa, ila wapiga kura 133 wa 2025, 108 waliteuliwa na Fransisko. Siasa si ilishafanyika kwenye uteuzi?

Mzee wa Kwaya
Marahaba Neema. Hapo umegusa penyewe, Papa anayeteua anaacha alama, sikatai. Ila wengi wa hao walitoka pande za mbali za dunia na walikuwa hawajuani, na ushindi ulihitaji kura 89, yaani theluthi mbili. Theluthi mbili hailetwi na kambi moja, lazima uwaendee wa upande wa pili.

Katiba ile ya 1996 iliwahi kulegeza hapo: duru za kura zikizidi thelathini na ushee bila mshindi, wangeweza kukubaliana kutumia zaidi ya nusu. Benedikto XVI akakirudisha kiwango cha theluthi mbili mwaka 2007, na nilifurahi mno, maana wenye nusu na kidogo wangeweza kukaa kimya tu na kungoja wenzao wachoke.

Chiriku
Hiyo ya 2007 sikuijua kabisa. Asante Mzee, naenda kuisoma katiba yenyewe.