Nafasi yangu imefutwa: nichukue kiinua mgongo au nikubali kushushwa?

Msimamizi wa Zamu

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa kweli, hata kama ni mchungu.

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha vifungashio, na kwa miaka mingi nimekuwa msimamizi wa zamu. Juzi imefungwa mitambo mipya ambayo kwa sehemu kubwa inajiendesha yenyewe. Zamu zimeunganishwa, na msimamizi amebaki mmoja. Si mimi. Barua niliyopewa inasema nafasi yangu imefutwa kutokana na mabadiliko ya uendeshaji, nami natakiwa kuchagua: nichukue kiinua mgongo niondoke, au nibaki kama mkufunzi msaidizi katika kitengo kipya cha mafunzo. Nikibaki, mshahara unapungua karibu theluthi, cheo kinaondoka, na posho ya zamu nayo inaondoka. Jibu linatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi.

Fedha zinauma, lakini kuna kinachouma zaidi. Kuna vijana niliowapokea hawajui hata kuwasha mashine. Niliwaweka pembeni yangu, nikawafundisha kusikiliza sauti ya mota, kujua gundi imepoa kabla haijaharibu kazi, kuandika taarifa ya zamu inayoeleweka. Leo baadhi yao ni mafundi wakuu kwenye viwanda vingine, na mashine ikiwagomea usiku bado wananipigia mimi. Leo hii nianze kuitwa msaidizi?

Kila ninayemweleza ananiambia nisijali, kila jambo lina heri yake. Wanasema kwa nia njema, najua, lakini nikishakata simu nabaki vilevile. Kwa hiyo nawauliza mliopitia: ni lini mliona kwamba pigo lile lilikuwa limewafikisha pazuri? Na mlijuaje?

---

Karani Mstaafu

Pole sana dada. Kwanza usisaini chochote ukiwa na hasira, wala ukiwa na woga. Mwisho wa mwezi bado, na siku hizo ni zako. Hata wao wamekupa muda wakijua jambo hili si dogo.

---

Mchora Ramani

Nakujibu swali la "lini", maana nimelipitia.

Nilikuwa mpanga kurasa wa gazeti. Gazeti likapunguza kurasa, mikataba yetu haikuhuishwa. Nilikaa bila kazi muda mrefu, akiba ikaisha, nikawa naishi kwa kutegemea ndugu. Kazi niliyokuja kuipata ilikuwa ya muda, ya kusahihisha taarifa za ramani: majina ya barabara, mipaka, alama zilizokaa mahali pasipo pake. Niliichukua kwa sababu hapakuwa na nyingine.

Kumbe jicho la mpanga kurasa, lile la kuona herufi iliyosogea kidogo tu au nafasi iliyozidi, ndilo lililokuwa adimu pale. Wenzangu walijua kompyuta kunizidi, ila makosa niliyaona mimi. Nikapewa kazi ya kukagua, kisha ya kusimamia. Leo nikiitwa tena gazetini sirudi.

Lakini mwaka wa kwanza haukuwa na heri yoyote. Ulikuwa mwaka mbaya, basi. Ukijisikia hivyo sasa, usidhani kuna kitu unashindwa kukiona.

---

Mpenda Takwimu

Niongeze upande ambao husahaulika kwenye mazungumzo kama haya.

Mfano unaotajwa sana wa pigo lililozaa heri ni Michael Bloomberg, bilionea wa Marekani. Mwaka 1981 benki ya uwekezaji ya Salomon Brothers, alikokuwa mbia, ilipouzwa, aliondolewa, akaanzisha kampuni ya kuuza taarifa za masoko ya fedha kwa kompyuta, ikamtajirisha mno. Ni kweli. Lakini alitoka pale na takriban dola milioni 10, fedha za ubia wake. Mwingine ni Brian Acton. Mwaka 2009 aliomba kazi Twitter akakataliwa, akaomba Facebook akakataliwa, kisha akaungana na Jan Koum kwenye WhatsApp. Mwaka 2014 Facebook hiyohiyo ilitangaza kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19. Naye alikuwa na miaka mingi ya uhandisi Yahoo nyuma yake. Wote wawili walikuwa na kitu mkononi, mmoja mtaji na mwingine ujuzi unaotafutwa. Waliofukuzwa au kukataliwa miaka ileile bila vitu hivyo hatuwasikii.

Na kuna utafiti wa wachumi Jacobson, LaLonde na Sullivan, uliochapishwa mwaka 1993. Walifuatilia wafanyakazi wa muda mrefu katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, ambao waajiri wao walipunguza watu kwa wingi miaka ya 1980. Hata baada ya miaka kadhaa, kipato chao kilikuwa bado pungufu kwa takriban robo ya walichokuwa wakipata. Maelezo mojawapo yanayotolewa ni kwamba ujuzi wa miaka mingi huwa na thamani kubwa kwa mwajiri yule yule, na kwingine hupokelewa kwa bei ndogo.

Dada, sisemi haya kukuvunja moyo. Nataka uhesabu ulicho nacho mkononi: akiba ya miezi mingapi, na ujuzi gani ambao kiwanda kingine kitaulipia kesho asubuhi.

---

Abiria wa Alfajiri

Mpenda Takwimu yuko sahihi, ila kuna utafiti mwingine ninaoupenda na unahusika hapa.

Februari 2014 wafanyakazi wa treni za chini ya ardhi London waligoma kwa siku mbili. Baadhi ya vituo vilifungwa, watu wakalazimika kutafuta njia nyingine za kwenda kazini. Watafiti walipochambua kumbukumbu za kadi za nauli, waligundua kuwa mgomo ulipokwisha, takriban mtu 1 kati ya kila 20 hakurudi kwenye njia yake ya zamani. Alikuwa amepata inayomfaa zaidi. Hawa ni watu waliosafiri kila siku ya kazi, na kila siku walipita njia isiyo bora kwao bila kujua. Sababu mojawapo ni ile ramani maarufu ya treni, ambayo haionyeshi umbali kama ulivyo kweli ardhini. Palipokuwa na upotofu mkubwa zaidi kwenye ramani, ndipo watu wengi zaidi walipobadilisha njia.

Nami naona kazi tunazisoma hivyohivyo. Msimamizi yuko juu, mkufunzi msaidizi yuko chini, ndivyo mchoro wa vyeo unavyoonyesha. Umbali wa kweli kati ya pale ulipo na kazi inayokufaa huenda ni mwingine kabisa.

Lakini tukumbuke pia wale 19. Walijaribu njia nyingine, wakarudi ya zamani, na pengine kwao ndiyo iliyokuwa bora. Mgomo uliwalazimisha kutafuta, basi. Tafuta dada, halafu uamue kwa ulichokiona.

---

Msimamizi wa Zamu

Asanteni sana, nimesoma yote. Mpenda Takwimu, mume wangu anafanya kazi ila kwa mikataba mifupi. Akiba inaweza kutufikisha miezi michache, na kiinua mgongo kikiongezeka tunafika karibu mwaka tukijibana. Ujuzi ninao, ila ni wa mitambo ya zamani. Hii mipya nimeiona ikifungwa tu, sijaigusa.

---

Mwalimu wa Zamani

Mwanangu, nimesoma ulichoandika mara ya kwanza, kisha nikakirudia polepole.

Kuhusu usimamizi umetaja cheo, mshahara na posho. Hukuandika chochote unachokipenda ndani yake. Ulipofika kwa wale vijana, maandishi yako yalibadilika. Umetaja sauti ya mota, gundi iliyopoa, taarifa ya zamu. Mtu aliyechoka na kazi haandiki hivyo. Nimefundisha hadi kustaafu, na walimu wa kuzaliwa nawajua kwa jinsi wanavyowataja wanafunzi wao.

Sikwambii ukubali kushushwa. Kuitwa msaidizi kwa kazi ambayo umeifanya miaka yote bila kulipwa ni dharau, na una haki ya kuumia. Ninachokwambia ni kwamba kazi yenyewe, ukiiondolea jina waliloipa, inaweza kuwa ndiyo yako. Iwe hapo au kwingine.

---

Afisa Utumishi

Mimi niko upande wa wanaoandika barua hizi, kwa hiyo nakupa ya mezani.

La kwanza na kubwa: uliza kiinua mgongo kitakokotolewa kwa mshahara upi. Sehemu nyingi hutumia mshahara wa mwisho. Ukikubali kazi ya mshahara mdogo leo, na mwakani kitengo kikafungwa, miaka yako yote ya usimamizi inaweza kupigiwa hesabu kwa ule mdogo. Watu wengi hulijua hili siku ya malipo. Kama unabaki, omba iandikwe kwamba utumishi wako hadi leo utakokotolewa kwa mshahara wa sasa, na kwamba miaka yako haianzi upya. Akikwambia kwa mdomo kuwa "hilo halina shida", mwombe aliandike, kama kweli halina shida.

Barua iendelee kusema nafasi imefutwa. Pasiingie hata neno moja linalogusa utendaji wako, kwa sababu mwajiri ajaye ataisoma. Dai likizo ambayo hukuichukua, cheti cha utumishi, na barua ya utambulisho inayotaja kuwa ulifundisha mafundi. Hilo la kufundisha usiliache, kwa sababu halikuwa kwenye mkataba wako na bila wao kuliandika huna cha kuonyesha.

Jambo la mwisho, wengi hawalifikirii: omba katika kipindi cha notisi upangwe kwenye mitambo mipya. Kwao ni msaada, na wewe utatoka na ujuzi ambao soko linauhitaji sasa. Sheria zinatofautiana nchi na nchi, kwa hiyo pitia pia chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi iliyo karibu nawe.

---

Niliyebaki

Naandika kwa niaba ya wale ambao mambo hayakugeuka. Mimi nilishushwa, nikakubali kwa sababu nyumbani hapakuwa na akiba. Niliambiwa ni kwa muda. Kitengo nilichopelekwa hakikuwa na bajeti wala kiongozi wake mwenyewe. Kilikuwa mahali pa kutuweka mpaka gharama za kutuondoa zipungue, na baada ya muda wakatuondoa. Sikupata heri yoyote, na sitaki mtu anitafutie.

Dada, kabla ya kuchagua waulize hivi: mkuu wa kitengo cha mafunzo ni nani kwa jina? Ana bajeti ya mpaka lini? Mwakani wanafunzi wanatoka wapi, mitambo ikishazoeleka? Akianza kuzunguka, umeshajibiwa.

---

Mchora Ramani

Niliyebaki, pole sana ndugu, na asante kwa kuandika. Maswali yako ni bora kuliko hadithi yangu.

---

Mpenda Takwimu

Nirudi kidogo kuhusu kutafuta. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha kwamba katika watu aliowachunguza, waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, wengi walielekezwa na mtu wanayeonana naye mara mojamoja au kwa nadra, si rafiki wa kila siku. Rafiki wa karibu anajua yaleyale unayoyajua wewe. Mtu wa mbali anatembea mahali usipofika.

Sasa, dada, hao mafundi wakuu wanaokupigia simu usiku wako kwenye viwanda vingine. Safari hii piga wewe. Usiombe kazi. Uliza tu kwao wanaleta mitambo gani, na nani atawafundisha watu.

---

Msimamizi wa Zamu

Narudi na mrejesho, maana mmenisaidia kuliko nilivyotegemea.

Nilikwenda utumishi na maswali ya Niliyebaki nikiwa nimeyaandika. Kitengo hakina mkuu bado. Bajeti yake iko ndani ya mradi wa kufunga mitambo, na mradi unaisha mwakani. Nikauliza baada ya hapo itakuwaje, wakaniambia "tutaangalia". Kuhusu kukokotoa kwa mshahara wa sasa walikataa kuandika. Walikubali barua ya utambulisho inayotaja mafunzo, na walikubali niwe kwenye mitambo mipya kipindi chote cha notisi. Kwa hiyo nachukua kiinua mgongo. Nimeongea na mume wangu, amekubali tujibane.

Mwalimu, maneno yako niliyasoma na machozi yakanitoka. Niliwapigia wale vijana. Mmoja aliniambia kiwandani kwao inakuja mitambo ya aina hiihii, na hawana mtu wa kuwafundisha waendesha mitambo. Ameniunganisha na mkuu wake. Tumezungumza, wanafikiria kunipa mkataba mfupi wa kufundisha, kwa jina la mkufunzi, bila msaidizi. Bado hawajaandika chochote. Usiku bado silali vizuri, na nikipita kwenye zamu yangu ya zamani moyo unaniuma.

Afisa Utumishi, wakinipa huo mkataba, niangalie nini?

---

Afisa Utumishi

Hongera kwa hatua, dada. Angalia tarehe ya kuanza kulipwa. Mitambo huchelewa njiani, ikifika huchelewa kufungwa, na mkufunzi hukaa nyumbani akisubiri. Mkataba useme unalipwa kuanzia tarehe fulani, iwe mitambo imefika au haijafika. Wakikataa, waombe siku hizo za kusubiri uandae mwongozo wa mafunzo kwa malipo. Uutaje huo mwongozo kwenye mkataba pia, na iandikwe kama ni wako au ni wao, kwa sababu kiwanda cha tatu nacho kitauhitaji.