Vampiri wa kuchekesha: tuwaonyeshe vijana au tuwafiche?

Mwana Kamalondo: Vijana wa mtaani hapa Lubumbashi wanataka kuonyesha Le Bal des vampires, filamu ya kuchekesha ya mwongozaji Roman Polanski, ile ya 1967, Jumamosi, bure. Wazazi wengine wanapinga, eti itaita mapepo. Mimi nasema ionyeshwe. Siyo damu kumwagika ovyo kama filamu za sasa. Ni theluji, ngome, vitunguu saumu vimetundikwa kila mahali, na profesa mzee mwindaji wa vampiri amekwama dirishani huku vampiri wamelala ndani kwenye majeneza. Unacheka, na mwili bado unasisimka. Nani leo anaweza hivyo?

Mama Katuba: Mbona hukusema kuna vampiri anayeonyeshwa msalaba akacheka? Ndiyo mnaletea watoto?

Profesa wa Bure: Mama, yule Shagal ni Myahudi mwenye nyumba ya wageni. Msalaba umtishe kwa lipi? Utani wenyewe ndio huo.

Mama Katuba: Usinifundishe msalaba, mwanangu. Nimefunga ndoa kanisani wewe hujazaliwa.

Mdadisi Kampemba: Na Polanski mwenyewe? Alikiri mahakamani kulala na msichana wa miaka 13, akakimbia Marekani 1978. Hilo hamlioni?

Yaya Kenya: Mi ile filme nilionaka zamani. Hakuna kya kuogopa. Vampiri ya kweli njo batumbula! Nkambo yangu, mzazi wa mzazi yangu, alikuwa anasema: usiku bazungu banakamata batu, banabanonesha, banabageuza nguruwe, kisha banabakula. Sasa huyu wa meno ya bandia ataniogopesha?

Profesa wa Bure: Batumbula ni uvumi wa enzi za Wabelgiji walipoitawala Kongo, yaya. Tusichanganye.

Yaya Kenya: Uvumi? Weye ulikuwa pale?

Mdadisi Kampemba: Hata kama ni uvumi, haukuota hewani. Watu walitolewa vijijini wakapangwa kambini, jasho lao likawa shaba ya kupelekwa Ulaya. Mtu kama huyo ukimwambia mzungu anakula watu, atakuuliza tu: saa ngapi? Na von Krolock, yule mkuu wa vampiri kwenye filamu, ni nani kama si bwana wa ngome anayenyonya kijiji? Wanakijiji wote wanajua, lakini wakiulizwa wanajifanya hawajui kitu.

Mama Katuba: Mmehama. Tulikuwa kwa watoto.

Profesa wa Bure: Watoto wataipenda ile dansi mbele ya kioo! Ukumbi umejaa, kioo kinaonyesha watatu tu, maana vampiri haonekani kwenye kioo. Halafu mwishoni Sarah, binti wa Shagal, anamng'ata Alfred, msaidizi wa profesa, ndani ya sleji, lile gari la kuteleza kwenye theluji, na profesa anaendesha hana habari, anausambazia ulimwengu uovu alioufuata auue.

Mwana Kamalondo: Asante sana, umetumalizia filamu! Wengine hawajaiona.

Profesa wa Bure: Tangu 1967? Mlikuwa mnangoja nini?

Mama Katuba: Wangu hawaji.

Yaya Kenya: Mi nitakuya. Lakini mwenye kusema nkambo yangu alikuwa muongo, anijibu kwanza.