Wauzaji wa mazabodi Tanga, neno "gemu" si modeli! Andikeni mnachouza

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa malalamiko kuhusu mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta inayobeba prosesa na RAM, na sitazunguka.

Tangazo ni lile lile kila wiki: "Mazabodi ya gemu, kali, inakubali RAM hadi 64, bei maelewano." Picha moja, imepigwa kwa mbali, maandishi ya modeli hayasomeki, soketi (kiti cha prosesa) haionekani. Ukiuliza chipseti gani (chipu ya bodi inayoamua inakubali nini) unajibiwa "ni ya Ryzen". Ukiuliza toleo la BIOS (programu ya kuwashia iliyomo ndani ya bodi) unaonekana msumbufu usiye na hela. Ryzen ni jina la prosesa za AMD. Ipi, ndugu yangu? Soketi ya AM4 ipo tangu 2016. AM5 ilikuja 2022. Zote ni "za Ryzen", na hakuna prosesa hata moja inayokaa kwenye soketi zote mbili. AM4 pini ziko kwenye prosesa na bodi inatumia RAM ya kizazi cha DDR4. AM5 pini 1718 ziko kwenye bodi yenyewe na inatumia DDR5 peke yake. Mtu aliyekwisha kununua RAM ya DDR4 akauziwa bodi ya AM5 kwa jina la "Ryzen" amepoteza pesa siku hiyo hiyo.

Upande wa Intel ni vurugu zaidi. Soketi ya LGA1700 inapokea prosesa za kizazi cha 12, 13 na 14, lakini kuna bodi za LGA1700 za DDR4 na nyingine za DDR5, na pengo la katikati ya nafasi ya RAM haliko mahali pamoja. RAM ikigoma kuingia, usisukume, utavunja nafasi yenyewe. Halafu kuna wale wanaosema "1151 zote zinaingiliana". Uongo! Soketi ni LGA1151 kwa jina, lakini bodi za chipseti za mfululizo wa 100 na 200 ni za kizazi cha 6 na 7, na za mfululizo wa 300 ni za kizazi cha 8 na 9. Prosesa itakaa vizuri, kifuniko kitafunga, na mashine haitawaka.

Hili la BIOS ndilo linaloumiza watu wengi. Chipseti ya B450 (ya AM4) ilitoka kabla ya Ryzen za mfululizo wa 5000. Ukiweka Ryzen 5 5600 kwenye B450 yenye BIOS ya zamani, feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi. Muuzaji wa bodi anasema prosesa imekufa. Muuzaji wa prosesa anasema bodi imekufa. Zote mbili ni nzima. Kinachotakiwa ni BIOS mpya, na muuzaji angeweza kuiweka dukani kabla ya kuuza, maana ana prosesa za zamani za kuwashia. Mnunuzi hana. Hata B550 za mwanzo kabisa za 2020 zilitoka kiwandani kabla ya prosesa hizo, kwa hiyo msitulize watu kwa kusema "B550 haina shida hiyo".

Sasa kitengo cha kushusha umeme, VRM. Hizi ni zile koili na vipande vidogo vyeusi vinavyozunguka soketi, vinageuza volti 12 kuwa volti moja na kitu ya prosesa. Kwenye bodi za bei ya chini za chipseti H610 (Intel) na A520 (AMD) mara nyingi hazina kipande cha chuma cha kupoza joto. Ukiweka prosesa ya i5-12400F, ambayo hata ikikazana haizidi wati 117, kwenye H610 ya namna hiyo, bodi itahimili. Ukiweka i7-12700, inayoweza kuvuta wati 180, VRM inachemka na bodi inashusha kasi ya prosesa ili isiungue. Gemu linaanza vizuri, baada ya dakika kumi na tano linakwama-kwama. Hapo mtu anaambiwa "nunua kadi ya picha kubwa zaidi"! Kwa joto la Tanga la Februari na Machi, chumba kisicho na kiyoyozi, bodi ya namna hiyo haina nafasi ya kupumua. Kumuuzia kijana H610 tupu pamoja na i7 kwa jina la "kifurushi cha gemu" ni dhuluma.

Na H610 hiyo hiyo haikubali kupandisha kasi ya RAM. RAM ya DDR4 ya 3600 itaishia 3200. Ukitaka RAM iende kasi yake kamili chukua B660 au B760. Prosesa za herufi K zinahitaji mfululizo wa Z ili upandishe kasi. Kununua K na kuiweka kwenye B ni kulipia kitu usichokitumia.

Kadi za picha nazo zina hesabu yake. RX 6500 XT ina njia 4 tu za PCIe (njia za data kati ya kadi na bodi). Kwenye bodi ya PCIe 4.0 inapata kama gigabaiti 8 kwa sekunde; kwenye A520 au B450, ambazo ni 3.0, inabaki na nusu. Kumbukumbu yake ya GB 4 ikijaa, inaanza kuchota data kwenye RAM kupitia njia hizo nyembamba, na hapo gemu linaruka-ruka. Kwenye B550 tatizo linapungua, lakini angalia prosesa pia: Ryzen 5 5600 inatoa PCIe 4.0, Ryzen 5 5500 inatoa 3.0 hata ukiiweka kwenye B550. Tarakimu moja tu kwenye jina, na muuzaji anakwambia "tofauti ndogo".

Mwisho, bodi zilizong'olewa kwenye kompyuta za ofisi zilizotumika. Zinapuliziwa vumbi, zinaitwa "gemu". Tundu la umeme lina pini 6, 8, 10 au 14 badala ya 24, kwa hiyo pawa saplai ya kawaida haiingii bila kiunganishi maalumu. Waya za kitufe cha kuwashia zimepangwa kivyake. Ukibadilisha feni, kila ukiwasha inasimama kukudai ubonyeze F1. Ni bodi nzuri kwa kazi ya ofisi. Semeni hivyo!

Ninachodai ni kidogo: modeli kamili na toleo la bodi, chipseti, aina ya RAM, toleo la BIOS, na picha ya soketi ikiwa wazi. Ukishindwa hayo, usiweke tangazo.

#2

Mkuu, naunga mkono sehemu kubwa ila si yote. Wateja wengi wanaoingia dukani wanauliza bei tu, na bodi nyingi zinazorudishwa zimeuawa nyumbani. Tuseme na hilo.

Soketi ya LGA pini zake ni laini kama nywele. Prosesa ikiwekwa kwa kuburuzwa badala ya kushushwa wima, pini zinalala. Pini moja ikilala unaweza usigundue, maana mashine inawaka, lakini RAM ya GB 16 inasomeka 8 kwa sababu upande mmoja wa RAM umekatika. Kabla hujalaumu bodi, legeza skrubu za kipoza prosesa. Ikikazwa sana upande mmoja inaleta dalili hiyo hiyo.

Lingine ni viguzo vya shaba ndani ya kesi. Bodi ya saizi ya ATX ni milimita 305 kwa 244, ya micro-ATX ni 244 kwa 244, na matundu ya skrubu hayafanani yote. Kiguzo kikibaki mahali pasipo na tundu kinagusa mgongo wa bodi na kupiga shoti. Hesabu viguzo, hesabu matundu, ndipo ulaze bodi.

Na kwenye bodi yenye nafasi nne, RAM mbili ziweke nafasi ya 2 na ya 4 ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Wengi wanaweka 1 na 2, wanapoteza nusu ya upana wa njia ya RAM. Kisha ingia BIOS uwashe XMP (mpangilio wa kasi kamili ya RAM), la sivyo RAM ya 3200 mara nyingi inakwenda 2133 au 2400 maisha yake yote.

#3

Kwa waliokwama na skrini nyeusi kwenye B450 au B550: tazama nyuma ya bodi kama kuna kitufe cha kuandika BIOS bila prosesa. Si kila bodi inacho, na hiki peke yake ni sababu ya kuchagua bodi moja na kuacha nyingine ya bei sawa.

Flashi iwe imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32. Pakua BIOS kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa modeli ileile kabisa, na utazame toleo la bodi lililochapwa pembeni, kwa sababu faili za matoleo tofauti huenda zisiingiliane. Badilisha jina la faili kama kitabu cha bodi kinavyosema. Hapa ndipo wengi wanakosea, wanaacha jina refu lililokuja na faili. Chomeka flashi kwenye mlango wa USB uliowekewa alama, si wowote. Unganisha waya wa pini 24 na ule wa prosesa wa pini 8, washa pawa saplai, bonyeza kitufe sekunde chache. Taa ipepese. Kwenye bodi nyingi taa ikiganda mapema bila kupepesa, faili halijasomwa. Subiri mpaka izime yenyewe, dakika 5 hadi 10.

Fanya hivyo ukiwa na UPS (betri ya akiba ya umeme). Umeme ukikatika katikati, BIOS inabaki nusu. Bodi yenye kitufe hicho unaweza kuirudia. Isiyo nacho inahitaji fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu moja kwa moja.

#4

Wakuu, vipi zile bodi za X99 kutoka China zinazouzwa pamoja na Xeon (prosesa ya seva ya Intel) na RAM GB 32? Bei inavutia.

#1 (mwanzisha uzi)

Mkuu, tazama kasi ya prosesa kwanza. Xeon E5-2650 v4 ina kori 12 lakini kila moja inaishia GHz 2.9. Gemu nyingi zinategemea kori chache zenye kasi, kwa hiyo i5-12400F ya kori 6 inaiacha mbali. Nyingi ya bodi hizo pia hazina chipseti ya X99 yenyewe, ndani utakuta B85, Q87 au H81, za kompyuta za kawaida za miaka hiyo. Prosesa hiyo haimo kwenye orodha ya Windows 11, na msaada wa Windows 10 uliisha Oktoba 2025. Gemu la Valorant kwenye Windows 11 linadai TPM 2.0 na Secure Boot (kinga za usalama za kompyuta), kwa hiyo usitegemee litafunguka.

Mtego mkubwa ni RAM. Mara nyingi hiyo GB 32 ni RAM ya seva, aina ya RDIMM. Inaonekana kama DDR4 nyingine na inaingia kwenye nafasi, lakini B550 au B760 haitawaka nayo. Siku ukitaka kubadili bodi huna RAM tena. Soma kibandiko chake: ukiona herufi R baada ya tarakimu za kasi, mfano 2133P-R, ni ya seva.

#5

Hakuna aliyegusa chumvi. Kwa bodi zilizotumika hapa kwetu, hasa zilizokaa nyumba za karibu na bahari kama Raskazone, geuza bodi utazame mgongo. Unga mweupe au kijani kwenye nukta za risasi, kutu kwenye milango ya USB na skrubu, hivyo ni dalili. Ikiwa ni juu juu tu, toa betri ya CR2032, safisha kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu na mswaki laini, acha ikauke kabisa. Ikiwa kijani kimeingia chini ya soketi au kwenye nafasi ya RAM, iache hapo hapo dukani.

Na ukijaribu bodi, omba RAM moja ihamishwe nafasi moja moja, ikisomwa kila mara. Ulizia ile skrubu ndogo ya M.2 (ya kushikia SSD) na kiguzo chake, na bati la nyuma la milango. Bati likikosekana, vumbi, hewa ya chumvi na mende vyote vinaingia.

#1 (mwanzisha uzi)

Asante mkuu, hilo la bati nilikuwa nimelisahau.

Wauzaji mnaosoma hapa, mwenye B550 au B760 ya DDR4 mkononi aweke picha nne hapa chini: modeli na toleo, soketi ikiwa wazi, ukurasa wa kwanza wa BIOS, na mgongo wa bodi. Bei iandikwe kwenye tangazo, si "njoo inbox".