Baikoko jukwaani: mwanamke amejikomboa au ameuzwa?

BintiMakorora:
Niulize wazi, maana kila mtu analizunguka jambo hili. Baikoko ya Tanga ilikuwa ngoma ya ndani: wanawake peke yao, mlango umefungwa, bibi harusi anafundwa kiuno na maneno ya ndoa. Leo inachezwa jukwaani, kanga moja imemwagiwa maji, wanaume wamejaa mbele na simu zao juu. Naambiwa huo ndio ufeministi, mwanamke anautawala mwili wake bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mimi naona mwanamke yuleyule aliyefundishwa kumfurahisha mume mmoja, sasa anafurahisha mia. Anayenipinga aje na hoja, matusi abaki nayo.

MsondoNdani:
Nakupinga hapo kwenye "kumfurahisha mume". Hayo ni maneno ya mtu aliyesimama nje ya mlango. Kwenye unyago wa Unguja, mpigaji wa msondo ni mwanamke. Ngoma ile ndefu anaibana katikati ya miguu, anaifunga kiunoni kwa kanga, anapiga amesimama. Kabla ya kuanza, ngozi inaoteshwa moto wa makuti mpaka ukiigonga kwa kidole inalia kavu. Ukiisogeza mno inachanika, ukiiweka mbali inalia kama gunia. Wanaoyajua hayo ni wanawake, watunzi wa nyimbo ni wanawake, na nyimbo nyingi zinamsema mwanamume asiyejua wajibu wake kitandani. Somo, yaani kungwi anayemfunda, anamwambia mwali wazi kwamba na yeye ana haki ya kufurahi. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alijulikana kwa taarabu na kwa msondo huohuo, na dunia ikampa tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Kabla hamjaleta neno "ufeministi" pwani, raha ya mwanamke ilikuwa inafundishwa tayari.

Wakili_Sinza:
Dada MsondoNdani, ngoma umeieleza vizuri, nakupa heshima yako. Lakini makungwi wengi haohao wanamwambia mwali "usimnyime mumeo, hata ukichoka". Sasa fungua Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, kifungu cha 130, kilichoandikwa upya na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Mume akimwingilia mkewe bila ridhaa haliitwi kosa la kubaka, labda wawe wametengana. Chumba cha unyago na sheria ya nchi vinasema kitu kimoja. Mwanamke akikijua kiuno chake kuliko anavyokijua daktari, na hana neno la kukataa, hiyo raha ameazimwa. Hapo ndipo unyago unapogongana na ufeministi. Kanga kulowa ni jambo dogo. Halafu mnawajaza mabinti shanga kiunoni kama mnafunga zawadi ya mtu.

MamaPindo:
Wakili, ungeishia kwenye sheria ungekuwa umesema. Shanga zimekukosea nini? "Zawadi ya mtu"! Kichanga anavishwa uzi wa shanga ili mama aone kama ananenepa. Uzi ukianza kubana, mtoto yuko sawa. Ukilegea na kushuka, anapelekwa kliniki. Naye amefungwa zawadi ya nani? Bibi mjane wa miaka sabini, mume hayupo siku nyingi, hajavua zake. Anamvalia nani? Mtu akiona kitu kwenye mwili wa mwanamke, mawazo yake yanakimbilia kwa mwanamume, halafu anatuita sisi tuliofungwa akili.

Mzalendo_Chumbageni:
Dada zangu, niseme kama mzazi. Hizi ngoma na nguo zake zimemaliza adabu. Mwalimu Nyerere alipiga marufuku sketi fupi, kama 1970 hivi, na nchi ilikuwa na heshima. Wanawake wa wakati ule walikuwa na mambo ya maana ya kufanya, si kukata viuno.

PwaniKisauni:
Kaka Mzalendo, turekebishe kwanza. Azimio lilikuwa la Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule, Oktoba 1968, na Operesheni Vijana ya kulitekeleza ikaanza tarehe 1 Januari 1969. Haikuwa sketi tu: mawigi, krimu za kujichubua, suruali za kubana, vyote vilikuwemo. Na hiyo heshima unayoisema, hata tarehe yenyewe haijafika wasichana walishaanza kushambuliwa Kariakoo na vijana waliojipa kazi ya upolisi wa mapaja. Nairobi nako mwaka 2014 mwanamke alivuliwa nguo na kundi la wanaume mjini mchana kweupe. Tarehe 17 Novemba wanawake wakaandamana wakisema nguo ni yangu na uamuzi ni wangu, na kabla mwaka haujaisha Kanuni ya Adhabu ya Kenya ikaongezwa kifungu cha 251A: kumvua mtu nguo kwa nguvu, jela isiyopungua miaka 10. Kila mkitangaza vita na kitambaa, mikono inaishia kwenye mwili wa mwanamke. Kwa hiyo mimi baikoko sijui kama ni ufeministi, lakini marufuku siitaki.

MsondoNdani:
Na hao "wanawake wa mambo ya maana" unawajua, kaka Mzalendo? Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba, Dar es Salaam. TANU ilipotaka wanawake mwaka 1955, yeye alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma kwa sababu huko ndiko walikokuwa: wana mweka hazina, wana michango, wana sare za kanga, wana namna ya kupeana habari nyumba kwa nyumba. Viuno hivyo unavyovidharau vilijaza mikutano ya uhuru. Tafadhali usitutukanie bibi zetu.

Mzalendo_Chumbageni:
Bibi Titi simgusi, namheshimu sana. Nimesema ngoma za siku hizi.

BintiMakorora:
Nirudi kwenye swali langu kabla halijapotea. Sikusema ipigwe marufuku. Nauliza fedha. Mcheza kwao hutuzwa, sawa. Lakini ngoma ya ndani tuzo inaangukia kwenye sinia la makungwi, wanagawana palepale mbele ya macho ya wote. Jukwaani kuna mwenye kikundi, mwenye spika, mwenye ukumbi na mtoza kiingilio, na mara nyingi wote hao ni wanaume. Mchezaji anapanda anajua atakula kile atakachobandikwa kwenye paji la uso. Ndiyo maana kanga inalowa zaidi kila wiki: mwenye kubandika noti ndiye anayeamua mchezo uende mpaka wapi. Kesho yake video iko mtandaoni, fedha ya watazamaji inakwenda kwa aliyeirusha, na yeye anabaki na matusi ya mtaa mzima. Kama huo ni utawala wa mwili, nionesheni sehemu anayotawala.

MsondoNdani:
Kwenye video tuko pamoja. Ila usiseme ya ndani yako salama, kichen pati nyingi, ambako bibi harusi anafundwa siku hizi, zimeshatoboka. Tobo la kwanza ni dijei: akiwa mwanamume, mlango umeshafunguka hata ukiwa na kufuli. Nyimbo ziwekwe kwenye flashi mapema, mwanamke mmoja abonyeze. La pili ni mpiga picha: amalize picha za keki na zawadi, atoke kabla somo hajaingia, na kamera aondoke nayo, asiiache mezani. Simu ziwekwe kwenye kapu mlangoni, kila moja na namba yake, mwenye simu apewe namba hiyohiyo. Mlangoni wakae wawili, mmoja upande wa bibi harusi na mmoja upande wa bwana harusi, kwa sababu wanaochelewa ndio wanaoingia na simu, na mlinzi wa upande mmoja anaona haya kumkagua shangazi wa upande wa pili. Hapo ndipo video zinapotokea.

Tumaini_Mbagala:
Samahani, MamaPindo, shanga zangu zinakatika kila mara. Unatumia uzi gani?

MamaPindo:
Mwanangu, uzi wa pamba unaoza kwa jasho na mafuta ya nazi, usiutumie. Lastiki inalegea, na siku inakatika shanga zinamwagika sebuleni mbele ya wageni. Tumia mshipi mwembamba wa kuvulia. Jipime umekaa, tena umeshiba, kisha ongeza nafasi ya vidole viwili. Anayejipima amesimama, akikaa zinamkata nyama. Funga mafundo matatu, ncha ipitishe ndani ya shanga tatu za mwanzo, ndipo uiunguze kidogo kwa kiberiti. Ukiukaribisha moto sana mshipi unakatika hapohapo kwenye fundo. Na kabla hujanunua, sugua shanga chache kwa kitambaa cheupe chenye mafuta. Kikichukua rangi, ziache, zitakuchafulia mashuka.

Tumaini_Mbagala:
Asante mama. Na rangi, navaa yoyote?

MamaPindo:
Siku hizi yoyote. Zamani rangi ilikuwa lugha, na huko kusini wapo wanaoifuata bado. Nyeupe mwanamke yuko tayari, nyekundu yuko kwenye siku zake. Mume anaziona kitandani, anageukia ukutani, hakuna mjadala. Ndiyo maana Wakili alinichoma. Anachokiita kifungio cha zawadi kilikuwa mdomo wa mwanamke. Alisema hapana bila kufungua kinywa, na mume aliyefundwa hakuthubutu kuuliza mara ya pili.

Wakili_Sinza:
Mama, kwa hilo la zawadi naomba radhi, nililisema vibaya. Lakini umenisaidia hoja. Nyekundu ni ya siku tano, tukizidisha saba. Hizo nyingine ishirini na kitu, akiwa mzima wa afya na hataki tu, anavaa rangi gani? Na asubuhi akienda kituoni, polisi wakimfungulia kifungu cha 130, shanga zitamsaidia nini?

MamaPindo:
Hiyo rangi hatukuwa nayo, sikufichi. Kungwi mwenye akili alimwambia mwali akalale kwa mama yake.

BintiMakorora:
Na asiye na mama?