Rola Laini za Kulalia: Gumzo la Kikundi cha Familia

Rukia: Shikamooni wakubwa wote. Nina swali kwa Shangazi Mwajuma, ingawa yeyote mwenye ujuzi anakaribishwa kunijibu. Nimepata rola zile laini na ndefu zinazopindika, ambazo ndani zina waya na nje zimefunikwa sifongo, kwa kuwa nataka nywele zangu ziwe na mikunjo siku ya Jumamosi bila kuzipitisha kwenye pasi ya moto. Nywele zangu ni za dawa, zinafika mabegani, na ncha zake zimeanza kukatika. Je, nizifunge zikiwa zimelowa au zikiwa kavu, na usiku mmoja unatosha?

Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu. Hayo maswali mawili yana jibu moja, kwa sababu yote yanahusu maji. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi za protini hiyo zimeshikana kwa vifungo vya namna kadhaa. Vifungo vya haidrojeni ni dhaifu kimoja kimoja, lakini ni vingi mno. Maji yakiingia ndani ya unywele vifungo hivyo huachia, na maji yakitoka hushikana upya katika umbo lolote ambalo unywele unalo wakati huo. Kwa hiyo ukifunga nywele kavu kabisa hutapata mkunjo wa kudumu, kwa kuwa hakuna kilichoachia. Na ukifungua nywele ambazo bado ni mbichi utakuwa umeziachia kabla hazijashikana. Zifunge zikiwa na unyevu mdogo tu, kama kitambaa kilichokamuliwa vizuri, kisha usizifungue mpaka zimekauka hadi ndani.

Mama Mdogo Zainabu: Wifi, mimi nitasema kinyume kidogo. Rola hizo nimezitumia, na mikunjo yake huwa imelegea kabla ya adhuhuri. Nadhani ni vitu vya kupendeza kwenye picha, si vya mtu mwenye shughuli za kutwa.

Shangazi Mwajuma: Zainabu, ulizifunga nywele zikiwa na maji kiasi gani?

Mama Mdogo Zainabu: Nilikuwa nimetoka kuoga, nikazikausha kwa taulo, nikazifunga.

Shangazi Mwajuma: Basi hapo ndipo penye sababu. Taulo hutoa maji ya juu tu. Sifongo nayo hufyonza maji na kuyashikilia, hivyo tabaka la nywele lililolala karibu na rola huchelewa sana kukauka, hasa kwa mtu mwenye nywele nzito kama zako. Asubuhi ukishika juu unahisi pakavu, unafungua, na mkunjo unaanza kushuka palepale. Kabla ya kufungua zote, fungua rola moja ya kisogoni, kwa sababu huko hukauka mwisho, kisha uguse nywele kwa ndani. Ukihisi ubaridi, bado kuna maji. Irudishe na usubiri, au uketi chini ya drayeri ya kofia ukiwa umeiweka kwenye upepo wa baridi.

Kaka Idrisi: Samahanini kwa kuingia katika mambo yasiyonihusu sana, maana mwenzenu nina upara. Ikiwa yote hayo ni maji, kwa nini pasi ya moto hukunja nywele kavu kwa sekunde chache?

Shangazi Mwajuma: Swali zuri, hata kwa mwenye upara. Unywele unaoonekana mkavu bado una unyevu kidogo ndani yake, na moto huachilia vifungo vilevile, kisha vinashikana tena unywele unapopoa. Tofauti ni gharama yake. Pasi nyingi za nywele hupanda hadi nyuzi 200 za Selsiasi na kupita, na katika joto hilo keratini yenyewe huanza kuharibika, jambo ambalo halirudi nyuma. Zikipitishwa pasi zikiwa na maji huwa mbaya zaidi, kwa sababu maji huchemka ndani ya unywele na kuacha vipovu vinavyoufanya ukatike. Rukia tayari ana nywele za dawa, na dawa ya kunyoosha hugusa vifungo vyenye nguvu zaidi, vile vya salfa, ndiyo maana mabadiliko yake hayaondoki kwa kuosha. Nywele zilizopitia hayo kisha zikaongezewa moto kila wiki zitakatika tu. Kwa hiyo nakuunga mkono mwanangu, mradi usikaze, kwa kuwa nywele za dawa zikiwa na maji huvutika kirahisi na kukatika.

Rukia: Nimekuelewa, Shangazi. Pakiti yangu ina rola nyembamba za rangi moja na nene za rangi nyingine. Nitumie zipi?

Shangazi Mwajuma: Rangi usiitegemee, kwa sababu kila mtengenezaji hupanga za kwake. Tazama unene. Rola nyembamba hutoa mkunjo mdogo uliokaza, na nene hutoa mawimbi mapana. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba urefu wa nywele zako ndio unaoamua. Nywele zikizunguka rola mara moja tu, utapata ncha iliyopinda na si zaidi. Zikizunguka mara moja na nusu utapata wimbi. Ili upate mkunjo kamili zinahitaji kuzunguka kama mara mbili na nusu. Kwa nywele za mabegani, rola nene sana ukiifunga kwa kuanzia nchani na kupanda utapata mzunguko mdogo mno. Chagua za kati. Na kwa kuwa mkunjo hulegea kadiri siku inavyokwenda, ni afadhali uamke ukiwa na mikunjo iliyokaza kidogo kuliko unavyotaka.

Jamila: Shikamoo Shangazi. Mimi nimeona watu wakianzia kwenye ngozi ya kichwa na kushuka, na wengine wakianzia nchani. Ipi ndiyo sahihi?

Shangazi Mwajuma: Marahaba. Zote ni sahihi, ila matokeo ni tofauti. Ukianzia nchani na kuviringisha kuelekea kichwani, rola ikiwa imelala, utapata nywele zilizojaa na kuinuka mashinani. Ukiisimamisha rola na kuzungushia nywele kwa mshazari, kila mzunguko ukikaa kando ya mwenzake bila kupandana, utapata mikunjo mirefu inayoning'inia, na nywele hukauka mapema kwa sababu hazijarundikana. Kwa Rukia napendekeza hii ya pili. Gawanya kichwa katika mafungu, kila fungu lisiwe pana kuliko rola yenyewe, lichane mpaka lisiwe na fundo hata moja, kisha upake povu la kuseti kuanzia katikati hadi nchani. Ncha ndizo huharibu kazi nzuri: zikijikunja ovyo usiku, asubuhi zitatoka zimevunjika kama ndoano. Zifunike kwa kipande kidogo cha karatasi laini ya saluni kabla ya kuzizungusha, nazo zitalala sawa. Mwisho pinda pande zote mbili za rola zikutane, mpindo ukiangalia nje, usije ukachoma ngozi ukilala.

Nyongeza moja kuhusu mwelekeo. Za mbele ziviringishe zikienda mbali na uso. Nyuma, badilisha upande: moja kulia, inayofuata kushoto. Zote zikielekea upande mmoja, asubuhi zitaungana na kuwa bonge moja, na kazi yote ya kugawa mafungu itakuwa ya bure.

Mama Mdogo Zainabu: Haya, hilo la ncha na karatasi sikulijua. Lakini kulala je? Ukiwa na rola ishirini kichwani unalala ukiwa umeketi?

Shangazi Mwajuma: Usingizi wake si mtamu kama wa siku nyingine, nisikudanganye. Lakini hizi ni laini, hazifanani na zile za plastiki tulizokuwa tukizibana kwa pini zamani. Weka chache zaidi kisogoni, na zikae juu kidogo ya pale kichwa kinapogusa mto. Vaa kofia ya satini au ufunge kitambaa cha hariri. Pamba hukwaruza nywele na kuzifanya timtim, ilhali satini huziacha ziteleze. Kitu cha kuzingatia zaidi ni maumivu. Rola ikivuta mpaka ngozi inauma au vijipele vinatokea, ilegeze hapohapo bila kujali saa. Kuvuta nywele za pembeni mwa uso mara kwa mara kwa miaka huleta upara wa kuvutwa, na ukikomaa nywele hazioti tena.

Jamila: Mimi nywele zangu ni za kipilipili, hazijawahi kuwekwa dawa. Je, rola hizi zitanifaa, au ni za wenye nywele za singa tu?

Shangazi Mwajuma: Zitakufaa sana, pengine kuliko mwenye singa, kwa sababu nywele zako zinapenda kujikunja na mkunjo hauanguki upesi. Tatizo lako litakuwa mashinani, ambako nywele hubaki na umbo lake la asili huku sehemu iliyobaki ikiwa laini. Zinyooshe kwanza bila moto: zioshe, zisokote misokoto mikubwa miwili miwili, ziache zikauke, ndipo siku ya pili uzinyunyizie maji kidogo na kuzifunga kwenye rola. Ukianza na nywele zilizolowa chapa, huenda usiku mmoja usitoshe kabisa. Pia jihadhari na jeli zenye glisirini siku ambazo hewa ina unyevu mwingi, kwa sababu glisirini huvuta maji kutoka hewani, nywele zikavimba na mkunjo ukapotea.

Kwa mwenye singa nyembamba hali ni kinyume chake: mashina hayana shida, ila mikunjo huteleza upesi. Huyo atumie povu lenye kushika zaidi na mafuta kidogo sana, kwa kuwa mafuta mengi huzielemea nywele.

Rukia: Asubuhi nizifungueje? Nimezoea kuvuta tu.

Shangazi Mwajuma: Usivute. Paka matone machache ya mafuta viganjani, nyoosha rola iwe kama kijiti, kisha uizungushe kinyume cha ulivyoifunga mpaka nywele ziachie zenyewe. Fungua zote kabla ya kuanza kugawanya mkunjo wowote. Hapo utaona umefanana na mtoto wa shule siku ya picha, na watu wengi hukata tamaa wakati huo na kukimbilia kitana. Kitana usikiguse. Subiri kidogo, kisha gawanya kila mkunjo kwa vidole kuwa miwili au mitatu kwa kufuata jinsi ulivyozunguka. Ukitaka nywele zijae, inua mashina kwa ncha za vidole bila kushuka chini.

Kaka Idrisi: Na mvua ikinyesha?

Shangazi Mwajuma: Basi vifungo vya haidrojeni vitafanya kazi yake, Idrisi. Mvua, mvuke wa bafuni na jasho vyote ni maji. Rukia, usiku wa Jumamosi kusanya nywele utosini kwa kitambaa kilicholegea, ufunike kwa satini, na Jumapili utakuwa bado na mikunjo bila kuzifunga upya.

Mama Mdogo Zainabu: Binti yangu mdogo amesoma ujumbe huu na sasa anataka na yeye. Ana miaka sita.

Shangazi Mwajuma: Wa umri huo usimlaze na waya kichwani. Kata vitambaa laini vya pamba, mfunge nywele kwa mtindo uleule, na ziwe chache kwa sababu atajigeuza usiku kucha. Na nyinyi wengine, kabla ya kila matumizi zipapaseni rola kwa vidole katika ncha zote mbili. Ikiwa waya umeanza kutoboa sifongo, rola hiyo itupwe, haishoneki. Zilizo nzima zioshwe kwa maji ya sabuni na kukamuliwa bila kuzikunja, kwa kuwa povu likigandia humo litakwaruza nywele safari ijayo.

Rukia: Nimeelewa, Shangazi. Basi nitaosha nywele Alhamisi, na Ijumaa saa 12 jioni nitazinyunyizia maji na kuzifunga, ili zipate muda mrefu wa kukauka.

Shangazi Mwajuma: Saa 11 ingekuwa bora zaidi, na kisogo uanze nacho.