Tupo Bali siku ya tatu: tukodi skuta au tutafute dereva?

Habari zenu ndugu zangu. Mimi na mke wangu tupo fungate Bali, Indonesia. Siku ya kwanza nilishika noti ya rupia 100,000, nikajiona tajiri mpaka nilipolipa teksi. Jana huko Ubud, kwenye ule msitu wa tumbili, mmoja akamnyakua mke wangu miwani kichwani. Nilicheka, nikanuniwa hadi usiku.

Sasa shida yetu. Huku kila mtu yuko kwenye skuta, tena wanaendesha kushoto kama kwetu Dar, kwa hiyo mimi naona tukodi. Mwenzangu hataki hata kusikia: leseni yangu ni ya gari tu, anasema nikianguka bima ya safari haitalipa. Hapo ana hoja. Lakini dereva wa kutwa nzima atatumalizia bajeti, na bado tunataka kuvuka kwa boti kutoka Sanur kwenda kisiwa cha Nusa Penida, na mke wangu hata boti ya Zanzibar humtapisha!

Mliowahi kufika huku, mngefanyaje? Na Penida tulale hukohuko, au twende na kurudi siku hiyohiyo? Tumebakiza siku sita.